Mali ya Wengi Ina Mwenyewe



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo, nataka leo tukae pamoja katika jambo ambalo kila mtu hulijua na wachache hulifikiri. Nalo ni hili: mali ikiwa ni ya watu wengi, jee, uzito wake hupungua?

Usifanye haraka kunijibu. Tazama kwanza mambo tunayoyaona kila siku. Mtu hathubutu kula yai la kuku wa jirani yake, hata akimkuta kuku huyo ametaga uani kwake. Atamwita mtoto alipeleke kwa mwenyewe. Lakini mtu huyo huyo atachukua karatasi za ofisi, balbu ya chuo, misumari iliyobakia katika ujenzi wa msikiti, wala usingizi wake haupungui. Ukimuuliza atakwambia, "Aa, hii ni ya wote." Neno hili "ya wote" limekuwa vinywani mwetu kama kwamba maana yake ni "si ya mtu." Hapo ndipo penye kosa, nami nitajaribu kukuonyesha kwa kisa cha duka dogo la ushirika lililokuwa mtaani kwetu hapa Tabora. Katika kisa hicho mimi mwenyewe nimo, wala simo kwa wema.

Nyinyi mlioko pwani, Tabora si mji mgeni kwenu. Wazee wenu waliijua kabla ya reli, tangu siku ambazo misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Ugogo, ikatembea miezi mitatu na zaidi hata kufika Unyanyembe, na kutoka hapo wengine wakaendelea mpaka Ujiji. Wazungu Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1857, mahali palipoitwa Kazeh, waliwakuta Waarabu na Waswahili wamekwisha kukaa, wana nyumba, mashamba na ghala. Waliopokea mizigo na waliobeba mizigo walijuana kwa amana. Mtu alikopeshwa Unguja marobota ya merikani na kaniki, na shanga, na masango ya shaba, akaenda nayo bara mwaka mzima au miaka miwili, na aliyemkopesha hana macho ya kumtazama huko aliko. Chumvi ya Uvinza nayo ikienda huku na huku katika njia hiyo hiyo. Na posho ya mpagazi ikihesabiwa kwa kibaba, kiasi cha kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, vibaba vinne vikifanya pishi. Anayepima akipunguza kidogo katika kila kibaba, na wapagazi ni mia mbili, basi jioni amejaza kikapu chake, na hapana hata mmoja anayeweza kusema kwa hakika kwamba ameibiwa. Ulikumbuke jambo hili, kwani tutalirudia.

Wala sitaki nikupambie njia ile. Njia iliyopitisha chumvi na pembe ilipitisha pia wanaadamu waliofungwa minyororo. Walikuwapo watu waliokuwa waaminifu sana katika kuhesabu doti za nguo baina yao, na huku wakiuza watoto wa watu. Hili nalo ni funzo: mtu huweza kuwa mwadilifu kwa wale anaowaogopa na anaokutana nao machoni, akamdhulumu yule asiyeweza kumdai. Uadilifu wa namna hiyo bado haujawa uadilifu.

Sasa nije kwenye duka. Mwaka 1976, serikali ya Tanzania ilianza ile iliyoitwa Operesheni Maduka. Ilitakiwa maduka ya watu binafsi yafungwe, khasa vijijini, na mahali pake pawekwe maduka ya ushirika na ya ujamaa, ambayo wenyewe ni wanakijiji. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vya wakulima vilivunjwa, hata vikaja kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Sikusudii kuhukumu siasa za zama zile. Wapo wajuzi wake. Kwetu sisi lilibaki duka. Watu wa mtaa wetu walijiandikisha, kila mmoja akatoa fedha za hisa yake. Tulikuwa wanachama 120: wafanyakazi wa reli, wauza samaki wa Ujiji, mafundi cherehani, wakulima wenye mashamba ya nje ya mji, wajane, na walimu wa vyuo. Tukachagua kamati, kamati ikamweka muuzaji, na duka likaanza kwa mizani moja, daftari mbili na rafu za mbao.

Shirika ya namna hii si kitu kigeni katika dini yetu. Wanavyuoni wana mlango mzima wa shirika katika vitabu vya fiqhi. Na imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba Mwenyezi Mungu huwa pamoja na washirika wawili maadamu mmoja wao hakumkhini mwenziwe. Wala si kitu kigeni duniani. Huko Uingereza, katika mji wa Rochdale, mnamo mwezi wa Desemba 1844, watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, waliochoshwa na maduka ya unga uliochanganywa na mizani iliyochezewa, walifungua duka lao wenyewe. Walianza na vitu vichache: unga, siagi, sukari, mishumaa. Wakaweka masharti: bidhaa safi, kipimo kilichotimia, kuuza kwa taslimu, kila mwanachama kura moja tu hata akiwa na hisa nyingi, na faida igawanywe kwa kadiri mtu alivyonunua. Hawa hawakuwa Waislamu, lakini kipimo kilichotimia ni kile kile ambacho Qur'ani Tukufu imekiamrisha, na Suratul Mutaffifin imeanza kwa kuwaonya wale ambao wakijipimia wenyewe hutimiza, na wakiwapimia watu hupunguza.

Duka letu lilikwenda vyema miaka miwili mitatu. Kisha ikaja dhiki. Waliozaliwa baadaye wamesikia tu, sisi tuliiona. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilikwisha, hazina ikawa tupu, mafuta yakapanda bei ulimwenguni, na nchi ikakosa fedha za kigeni. Sabuni ikawa kama hariri. Tukala unga wa njano tulioupa jina la "Yanga." Sukari ikija, khabari zake huenea mtaani kabla gari halijasimama. Bei zilipangwa na Tume ya Bei, lakini bei iliyopangwa haimsaidii mtu ikiwa kitu chenyewe hakipo, na walanguzi wakauza gizani kwa bei waitakayo. Katika hali hiyo duka letu lilikuwa rehema. Kamati iliamua kwamba sukari ikifika, kila mwanachama apate nusu kilo kwa bei ya serikali, tajiri na masikini sawasawa. Wanachama 120, kilo 60. Kinachozidi kinawekwa mpaka zamu nyingine.

Muuzaji wetu alikuwa mtu mwema. Ninasema hivi wala sikejeli. Alisimama safu ya mbele msikitini, mpole wa maneno, hakuwahi kumkaripia mtoto aliyetumwa dukani. Alikuwako mjane mmoja mtaani, ana mayatima watano, wala hakuwa mwanachama kwa kuwa hakuweza kutoa fedha ya hisa. Muuzaji alikuwa akimpimia sukari na mafuta ya kula, siku nyingine bila ya kumwandika. Tena alikuwa akiwakumbuka wageni wa msikiti, na watu aliowaheshimu.

Mmoja katika hao aliowaheshimu ni mimi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, ninamsaidia mwalimu wangu kusomesha chuoni. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1401, yaani Julai 1981. Jioni moja muuzaji alinijia na mfuko wa karatasi umefungwa uzi, ndani mna sukari kilo moja na nusu. Akaniambia, "Maalim, hii ya futari, mtuombee dua." Nikaipokea. Nikamwombea dua, tena ndefu. Uji ule tukaunywa mimi na jamaa zangu, na sikumbuki kwamba nilijiuliza hata mara moja sukari ile imetoka wapi, ilhali nilijua kwamba nchi nzima haina sukari.

Baada ya Idi ukafanywa mkutano mkuu. Daftari ikasomwa, ghala ikahesabiwa, na mahesabu hayakukutana. Sukari imepungua, na mafuta vile vile. Muuzaji akasimama, akasema kweli. Akasema, "Wazee wangu, sikuchukua hata kijiko kupeleka nyumbani kwangu. Nilimpa mjane mwenye mayatima, na nyingine niliwapa wageni na watu wa dini, nao siwataji." Watu wakaanza kupigana maneno. Wengine walisema, mwacheni, huyu ametoa kwa ajili ya Mungu. Wengine walisema, mwizi ni mwizi. Akasimama bibi mmoja aliyekuwa akipika vitumbua asubuhi na kuviuza mlangoni kwake, na sukari ile nusu kilo ndiyo kazi yake na ndiyo chakula chake. Hakupiga kelele. Alisema, "Mimi zamu iliyopita nilirudishwa, nikaambiwa sukari imekwisha. Nilikaa siku nane sikupika. Nataka kujua tu, ile iliyotolewa sadaka, ni yangu au ya nani?"

Mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa amekaa kimya. Akamgeukia muuzaji akamwambia kwa upole, "Bwana, jibu analo yule bibi. Umetoa sadaka ya mtu asiyejua kuwa anatoa. Thawabu hakupata yeye, kwa kuwa hakunuia. Na wewe hukupata, kwa kuwa haikuwa yako."

Ndugu msomaji, hebu tulichungue jambo hili kwa utaratibu, kwani lina pande nyingi, na haki ya muuzaji yule ni tumsikilize kabla ya kumlaumu.

Atasema mtu: Jee, mayatima wafe kwa njaa ili daftari isomeke vizuri? La, hasha. Kumtazama yatima ni wajibu, na mtaa ambao yatima analala na njaa hauna la kujivunia. Lakini njia ya kufikia wema ilikuwako, nayo ilikuwa fupi: kusimama mbele ya wenye mali na kuwaomba. Na ushahidi kwamba wangekubali ni huu, kwamba siku ile ile, mkutano ulikata shauri sukari na mafuta aliyopewa mjane yahesabiwe kuwa ni sadaka ya duka, na tangu hapo kila zamu litolewe fungu la wanyonge kabla ya kugawa. Hapana aliyepinga. Yule bibi wa vitumbua ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Basi muuzaji hakumwokoa mjane kutokana na watu wabaya. Aliwanyima watu wema nafasi ya kuwa wema. Aliyetaka kuwa karimu kwa mali ya wenziwe amewadhulumu mara mbili: amechukua mali yao na amechukua thawabu yao.

Atasema mwengine: Mimi ni mwanachama, na mimi nina hisa, basi nimekula changu. Maneno haya yana sura ya haki, lakini hesabu inayakataa. Chako ni fungu ulilopangiwa kwa masharti mliyokubaliana. Zaidi ya hapo, ndani ya kila tembe ya sukari mna haki za watu 119 pamoja nawe. Jamaa walionunua ng'ombe kwa shirika, hapana mmoja wao anayeweza kukata paja akasema, "Mimi nimechukua fungu langu," kabla ng'ombe hajagawanywa.

Wa tatu atasema, na huyu ndiye aliye wengi: Jambo lenyewe ni dogo mno. Haya, na tuhesabu udogo wake. Kilo moja na nusu ukiigawa kwa watu 120, kila mmoja anapoteza gramu 12 na nusu, kiasi cha vijiko vitatu vya chai. Nani atakayelia kwa vijiko vitatu? Hapa ndipo lilipo lile jambo la kibaba cha wapagazi nililokwambia ulikumbuke. Dhulma ikigawanywa kwa watu wengi, kila mmoja huumia kidogo, naye aliyedhulumu haoni machozi ya mtu yeyote. Kwa hivyo moyo wake haumsuti. Lakini kutoona machozi si dalili kwamba hapana dhulma. Na tena hasara haikai ikagawanyika sawasawa kama tulivyohesabu katika karatasi. Haikumwangukia mfanyakazi wa reli mwenye mshahara. Ilimwangukia wa mwisho katika foleni, na wa mwisho siku ile alikuwa bibi wa vitumbua.

Tena dini yetu imelitazama jambo hili kinyume na tunavyolitazama sisi. Kuna dhambi inayoitwa ghuluul, nayo ni kuficha kitu katika mali ya jamaa kabla haijagawanywa, na Qur'ani imeitaja katika Surat Aali Imran kwamba atakayefanya hivyo atakuja na alichokificha Siku ya Kiama. Imepokewa kwamba siku ya Khaybar alikufa mtu mmoja katika Masahaba, na Mtume (S.A.W.) akawaambia wenziwe wamsalie wao, nyuso zao zikabadilika kwa huzuni. Akawajulisha kwamba mwenzao alikuwa amefanya ghuluul. Walipoupekua mzigo wake, wakakuta shanga ambazo thamani yake haifikii dirhamu mbili. Shanga, ndugu msomaji. Mtu aliyetoka kwake akenda vitani katika njia ya Mwenyezi Mungu, akazuiliwa na shanga.

Kwa nini pakawa na ukali huu? Mimi nimelifikiri sana, na ninavyoona sababu yake ni hii. Ukiiba kwa mtu mmoja, una mtu mmoja wa kumwendea. Utamrudishia, utamwomba radhi, akikusamehe umepona. Ukiiba katika mali ya watu 120, una milango 120 ya kubisha hodi. Na haki za waja hazifutwi kwa rakaa na tasbihi, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba muflisi wa kweli ni yule atakayekuja Siku ya Kiama na sala na funga na zaka, na huku ameila mali ya huyu na kumvunjia heshima yule, basi mema yake yagawanywe kwa wanaomdai mpaka yamalizike. Ndipo ninapojibu suali letu la mwanzo: mali ikiwa ya wengi, uzito wake haupungui, bali huzidi kwa hesabu ya wenyewe.

Haya yalimhusu muuzaji. Sasa nitazame mimi na walio mfano wangu, tunaopelekewa zawadi. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu kukusanya zaka, aliporudi, akatenga mali akasema, hii ni yenu, na hii nimepewa mimi zawadi. Mtume akaghadhibika, akapanda mimbari, akauliza mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, jee, zawadi hizo zingemfuata? Suali hili linawageukia wote wawili, mwenye kutoa na mwenye kupokea. Kama mtu yule asingekuwa na ufunguo wa duka, asingekuwa na sukari ya kunipa. Na kama mimi nisingekuwa na kilemba, asingenikumbuka. Sisi watu wa dini tunapaswa kuwa wa mwisho kupokea na wa mwanzo kuuliza, kwani mtu akimpa sheikh kitu cha haramu huona kama kwamba kimekwisha kutoharika. Dua yangu ile ndefu ndiyo iliyomfanya aone amefanya jema.

Wala lawama hazikwishi hapo. Wanachama nao walikuwa na kosa. Mwaka mzima hapakuwa na mtu aliyeifungua daftari. Kamati ikikutana, wanakuja watatu kati ya tisa. Aliyesema tuhesabu aliambiwa, "Utamhesabuje mtu wa safu ya mbele? Huko ni kumvunjia heshima." Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara kuandika deni na kuweka mashahidi, wala hakuwabagua wacha Mungu akasema hawa wasiandikiwe. Sayyidna Umar bin Khattab alikuwa akiorodhesha mali za maliwali wake anapowapa kazi, nao ni watu waliomwona Mtume kwa macho yao. Wahenga wetu nao wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Kumhesabu mtu si kumtuhumu. Ni kumlinda na shetani na kumlinda na ndimi za watu. Mnaomwachia mtu masikini ufunguo, mizani na daftari peke yake, wakati wa njaa, bila ya kumuuliza, mmemtupa mtoni kisha mnashangaa amelowa.

Mkutano ule ulimaliza kwa hukumu nzuri. Ukaamua kwamba waliopokea vitu, ghairi ya yule mjane, warudishe thamani yake kabla ya mkutano mwingine, wala majina hayataulizwa. Muuzaji akaomba mwenyewe kuacha kazi. Walikuja watu kadhaa, wakaweka fedha mezani kwa kamati, wakaondoka. Mimi sikwenda. Niliona haya. Nikasema nitakwenda kesho, mwalimu wa watoto ataonekanaje? Kesho ikawa mwezi. Mkutano wa pili ukafika, kilichobaki kikaandikwa hasara, na hasara ile wakaibeba wote. Usiniambie kwamba iliyoandikwa hasara imesamehewa. Waliiandika hivyo kwa kuwa hawakumjua aliyekula; na mtu hasamehewi kwa kuwa amejificha vizuri.

Kisha zikaja siku nyingine. Tangu mwaka 1984 wafanyabiashara waliruhusiwa kuleta vitu kutoka nje kwa fedha zao wenyewe, bidhaa zikarudi madukani, na duka letu halikuweza kushindana. Miaka michache baadaye likafungwa. Wanachama wengine wamekufa, wengine wamehamia Kigoma na Mwanza, na wengine wamerudi kwenu pwani. Hapo ndipo nilipojua ubaya wa kuchelewa. Wakati duka lipo, mali ya wengi ina mlango mmoja wa kubisha: mkutano una idhini ya wote, nao huweza kupokea na kusamehe kwa niaba ya wote. Duka likifungwa, mlango ule mmoja hugeuka milango 120, na mingine imekwisha kuwa makaburi.

Wanavyuoni wamesema kwamba mali ya haramu ambayo wenyewe hawajulikani tena, aliyenayo ajivue nayo kwa kuitoa sadaka au katika maslaha ya Waislamu, kwa nia ya wenyewe, na akitokea mwenyewe akadai haki yake, alipwe. Nimefanya hivyo, nimetoa thamani ya sukari ile kwa mayatima, na zaidi yake. Lakini wapo wanaojulikana, na hao haifai kuwaruka. Nilikwenda kwa binti wa yule bibi wa vitumbua, ambaye siku hizi naye ni bibi, ana meza yake sokoni hapa Tabora. Nikamweleza. Alicheka kwanza, akadhani nafanya mzaha. Kisha akanyamaza kitambo. Akaniambia, "Sheikh, zile siku nane nazikumbuka. Mimi nimekusamehe langu. La ndugu zangu siwezi kulisamehe mimi, uwafuate wenyewe." Alisema kweli, tena alisema fiqhi, wala hakusoma chuo.

Ndugu msomaji, leo maduka yale hayapo, lakini mali za wengi zimezidi. Kuna vyama vya akiba na mikopo, kuna VICOBA vya akina mama, kuna ushirika wa wakulima wa tumbaku huku kwetu, nao Tanzania una sheria yake ya mwaka 2013 na tume yake ya kuusimamia. Kuna wakfu, kuna sanduku la msikiti, kuna mchango wa arusi na wa maziko. Sheria ni nzuri, lakini haiingii katika mfuko wa karatasi uliofungwa uzi. Basi katika kila kikundi ulichomo, wewe mwanamume na wewe mwanamke, shika mambo manne. Kipimo kiwe kimoja kwa mkubwa na mdogo. Daftari isomwe mbele ya watu, hata kama mshika daftari ni walii. Mkutano usiachwe, kwani anayeacha mkutano ameacha mali yake na ya wenziwe. Na fungu la mnyonge litengwe kwa shauri la wote, mapema, ili mwenye huruma asilazimike kuiba. Na nyumbani, mfundisheni mtoto kwamba kitu cha wote ni cha kuogopwa kuliko kitu cha mmoja. Akirudi na chaki ya skuli mfukoni, mrudisheni nayo asubuhi.

Gazeti hili linafika katika nyumba nyingi za pwani. Nyinyi ambao baba zenu au mama zenu walikaa Tabora zama zile, wakawa wanachama katika duka la ushirika la mtaani, huenda katika mkono wangu mna vijiko vitatu vya sukari vya mzee wenu. Anayetaka nimlipe, nitamlipa. Anayetaka kunisamehe fungu lake, Mwenyezi Mungu amlipe kheri. Na aliyenacho kitu cha wenziwe, naye bado ana mlango mmoja wa kubisha, asingoje.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu, utusamehe yaliyo baina yetu na Wewe, na utusahilishie kuyarudisha yaliyo baina yetu na waja wako, kabla ya siku ambayo hakutakuwa na fedha wala sukari ya kulipia. Amin.

Wabillahi tawfiq.